Nyumba ya bwana Esq. iliyozama kwenye ramani yangu

Hii stori nimekaa nayo karibu mwaka mzima naona aibu kuiandika, lakini mdogo wangu kila wageni wakija anaisimulia yeye, tena anaongeza chumvi, kwa hiyo bora niiandike mwenyewe iwe na kiasi.

Iko hivi. Mimi ni mgonjwa wa ramani za zamani za barabara, hasa zile zinazopita pwani ya Ayalandi. Tunaishi Dublin mimi na mdogo wangu, na wikendi watu wengine wakienda mpira mimi naenda kupekua makasha ya karatasi kuukuu kwenye minada na maduka ya vitu vya kale, narudi na vumbi kwenye pua na mara nyingi mikono mitupu, maana bei zake sio mchezo. Mdogo wangu anasema ni ugonjwa wa wazee. Nina miaka 38 jamani.

Siku moja nikaiona. Shiti moja, si kubwa, kama daftari la shule ukilifungua, imechanika kidogo pembeni, na ndani yake barabara ya kutoka Dublin kwenda upande wa Bray na Wicklow, imekatwa vipande vipande na kupangwa kama riboni zimetandikwa ubavu kwa ubavu. Na ina rangi! Bahari ya bluu laini, mashamba kijani, nyumba vinukta vya waridi, barabara yenyewe manjano ya maziwa. Muuzaji akaniambia rangi ya mkono, ya zama zake, miaka zaidi ya 200. Nikatoa yuro 90 bila hata kuomba apunguze, jambo ambalo mama yangu akilisikia atanikana.

Nieleze kwanza hii shiti imetoka wapi, maana bila hilo hamtaelewa uchungu wangu.

Kulikuwa na Waskoti wawili, George Taylor na Andrew Skinner. Walikuwa wameshapima barabara za kwao Uskoti na ramani zake zikatoka 1776, halafu wakavuka maji wakaja Ayalandi, 1777 wakapima barabara za kisiwa kizima, na 1778 kitabu kikatoka, Maps of the Roads of Ireland, kurasa karibu 300 za ramani tupu, na 1783 kikatoka tena mara ya pili. Yaani mwaka mmoja wa kupima! Sisi hapa kuchimba mtaro wa bomba mbele ya nyumba yetu kumechukua miezi minane.

Mtindo wenyewe hawakuubuni wao. Aliyeutangaza ni John Ogilby huko Uingereza mwaka 1675, akatoa kitabu chenye mabamba 100, kila bamba limechorwa kama gombo la karatasi lililokunjuka, na barabara inapanda kutoka chini kwenda juu, ikifika juu inakatwa, unarudi chini kwenye riboni inayofuata, unaendelea. Watu wake walikuwa wanasukuma gurudumu kubwa la kupimia barabara nzima, gurudumu likizunguka linahesabu. Ukiwa msafiri unaweka kidole chini, unapandisha, basi. Hauhitaji kujua kaskazini iko wapi. Kila riboni ina dira yake ndogo, na dira inageuka geuka kadiri barabara inavyogeuka, riboni moja kaskazini iko juu, inayofuata iko kushoto, nyingine iko miguuni kwako. Ukifikiria sana ndivyo simu zetu zinavyofanya tukiwa tunaendesha, ramani inazunguka wewe unabaki umeelekea juu. Miaka 350 tumezunguka tumerudi palepale.

Hilo la dira kugeuka mlikumbuke, litanichoma mbele.

Kitu kingine, kwenye ramani hizi pembeni ya barabara kumejaa majumba ya wakubwa na majina yao, fulani Esq., fulani Esq., mwingine Lord nani, mwingine Reverend nani. Hiyo Esq. ni heshima ya bwana mwenye mashamba, kama kusema mheshimiwa. Hao ndio waliokuwa wananunua kitabu chenyewe, mwanzoni mwa kitabu kuna orodha ya waliotoa pesa mapema kabla hakijachapwa, kwa hiyo unaelewa kwa nini nyumba zao hazikusahauliwa. Vibanda vya wakulima waliokuwa wengi kuliko hao mabwana mara mia huvioni. Ukiisoma ramani bila kufikiri utadhani Ayalandi ya 1778 ilikuwa nchi ya mabwana na makanisa na magofu ya ngome na hakuna mtu anayelima.

Bahari nayo ni hivyohivyo. Barabara ikiikaribia inaonekana, mstari wa ufuo na vistari vidogo vya kulala vinaashiria maji, barabara ikigeukia bara, bahari inakatwa na ukingo wa riboni, haipo tena. Mtu aliyesafiri na kitabu hiki mkononi alikuwa anakutana na bahari kama anavyokutana na jirani kwenye ngazi, anaiona, wanapishana, imepotea.

Basi, nikaiweka kwenye fremu, nikaitundika sebuleni juu ya meza ya kulia. Wiki mbili za furaha.

Jumapili moja tunakula, mdogo wangu kijiko kiko mdomoni, anaikodolea macho, akasema, "Kaka, huyu bwana nyumba yake iko baharini?"

Nikamwambia ale chakula chake.

"Hapana kaka, njoo uone. Esq. amezama."

Nikainuka nikiwa nimeshajiandaa kumpa somo. Nikatazama. Nikatazama tena. Riboni ya kwanza sawa kabisa, bahari iko kushoto, bluu iko kushoto. Kushoto ni sahihi, maana ukitoka Dublin kwenda Bray unaelekea kusini, na bahari ya mashariki inakuwa mkono wako wa kushoto. Riboni ya pili, bluu ilikuwa kulia. Kulia ni bara! Kulia ni vilima vya Dublin! Na katikati ya ile bluu nzuri nyumba ndogo ya waridi na jina la bwana, Esq., maji yamemzunguka pande zote. Halafu kushoto ambako ndiko bahari yenyewe ilipo, na vistari vyake vya maji vimechongwa vizuri tu, kumepakwa kijani. Malisho ya ng'ombe.

Nilichogundua baadaye kwa kutumia kioo cha kukuzia ni kwamba aliyepaka rangi alichanganywa na vistari. Vilima navyo kwenye hizi ramani vinaonyeshwa kwa vistari vifupi vifupi vya kushuka mteremko. Yeye akaona vistari vya kilima upande wa kulia, na kichwani mwake kaskazini iko juu kama kwenye ramani tulizozoea sote, kwa hiyo bahari ya Ayalandi ya mashariki lazima iwe kulia, akasema haya ndiyo maji, akachovya brashi. Dira ndogo ya riboni ilikuwa hapohapo inamwambia kwamba kaskazini iko chini, hakuitazama. Mchongaji wa 1778 alikuwa anajua bahari iko wapi. Aliyepaka rangi hajawahi kukanyaga hiyo barabara.

Sasa hilo peke yake lisingenitia wasiwasi, kwa sababu hata zamani wapaka rangi hawakuwa wanazijua sehemu wanazozipaka. Ramani ilikuwa inachongwa kwenye bamba la shaba nyekundu, kinyumenyume, inapakwa wino, inafutwa wino ubaki kwenye mifereji tu, inabanwa na karatasi yenye unyevu, inatoka nyeusi na nyeupe. Rangi ni kazi nyingine kabisa baada ya hapo, mara nyingi walikuwa wanawake na watoto wamekaa kwenye meza ndefu, shiti zinapita, huyu anapaka kijani, huyu waridi. Mteja asiye na pesa anapakiwa mistari ya mipaka tu, mwenye pesa anapakiwa eneo zima. Na rangi zenyewe zimetembea dunia kuliko msafiri wa hiyo barabara: nyekundu ya kamini inatokana na mdudu wa Mexico aliyekaushwa na kusagwa, manjano ni utomvu wa mti wa huko Kambodia, bluu ya Prussia iliyogunduliwa Berlin kwa bahati mbaya mwanzoni mwa miaka ya 1700, na gundi ya kushikilia vyote hivyo ni utomvu wa mgunga kutoka Afrika. Na kabla ya kupaka, karatasi inapitishwa shabu ili rangi isisambae. Kwa hiyo nikajifariji, labda ni mtoto wa miaka kumi mwaka 1780 alisinzia akampakia bwana Esq. bahari. Ingekuwa stori nzuri hata kuliko ramani isiyo na kosa.

Lakini lile neno la mdogo wangu lilishaingia. Nikaitoa kwenye fremu nikaipeleka kwa mama mmoja ambaye kazi yake ni kutunza na kutibu karatasi za kale, ana chumba kidogo chenye meza nyeupe kubwa na harufu ya gundi ya wanga. Nilimkuta ana haraka, akasema ana dakika ishirini. Nilikaa saa moja na nusu.

Kwanza akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya karatasi ikaonekana mistari iliyonyooka, myembamba mingi na minene michache inayoikata, ni alama ya ungo wa waya uliotumika kuchotea majimaji ya matambara yaliyosagwa. Hiyo ni karatasi ya kizamani kweli, akasema. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Akanishika kidole akakipitisha taratibu ukingoni, nikahisi bonde, karatasi imebonyea pale ukingo wa bamba la shaba ulipoigandamiza. Wino nao ukiupapasa umenyanyuka kidogo. Ramani ni halali, akasema, imechapwa kwenye bamba, sio fotokopi, tulia.

Halafu akaigeuza nyuma.

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na kama mnanunua hivi vitu shikeni hili moja tu mengine msahau: angalia mgongo. Kijani cha zamani mara nyingi kilitengenezwa kwa kutu ya shaba, ile kutu ya kijani inayoota kwenye vyombo vya shaba, na ile kitu ni kali, miaka inavyokwenda inaila karatasi, inajipenyeza mpaka nyuma na kuacha kivuli cha kahawia. Ramani ya miaka 200 yenye kijani hicho ukiigeuza unaona ramani ya pili, ya kahawia, imechorwa na sumu. Wakati mwingine karatasi imekatika kabisa palipokuwa na kijani, msitu umeanguka. Yangu nyuma ilikuwa safi kama shuka mpya. Mashamba yote yale ya kijani mbele, nyuma hakuna hata dalili.

Mama akasema hilo bado sio ushahidi wa mwisho, vijani viko vya aina nyingi. Akazima taa akawasha tochi ya mwanga wa zambarau. Karatasi yangu ikabaki ya giza giza, ya kahawia, kama inavyotakiwa. Isipokuwa sehemu moja. Pale pembeni palipochanika kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi kimebandikwa kwa nyuma kuziba, na kile kipande kikawaka bluu nyeupe kama shati la disko. Akaniambia karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zimewekwa dawa ya kung'arisha, na dawa hiyo ndiyo inayowaka kwenye hii taa, karatasi ya matambara ya zamani haiwaki hivyo. Nikamwambia sawa, kwa hiyo kiraka ni kipya, rangi inahusikaje? Akachukua kibanio chake chembamba kuliko kope, akainua ukingo wa mpasuko kama unavyoinua ngozi ya nyanya, akaniambia tazama ndani.

Bluu. Bluu ya bahari ilikuwa imeingia kwenye mpasuko, imelowesha kingo zake mbili, imeshuka mpaka kwenye kile kiraka kinachowaka na kutengeneza doa dogo mfano wa punje ya mchele.

Sikuhitaji kuelezwa. Karatasi ilichanika kwanza. Ikazibwa kwa kiraka cha baada ya 1950. Halafu ndipo mtu akapaka bahari. Kwa hiyo rangi ya zama zake ilikuwa ya zama zangu, labda ya mtu niliyewahi kupanda naye basi.

Nikarudi kwa muuzaji? Nilirudi. Akanisikiliza vizuri tu, akasema yeye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia, na kwamba rangi ni rangi, na ramani si nzuri? Nikasema ni nzuri. Akasema basi. Tukaishia hapo.

Na hapa niseme ninavyoona mimi, msinielewe vibaya. Kupaka rangi ramani ya kale leo sio dhambi, watu wanafanya kwa ustadi kabisa na wakisema wazi kwamba ni rangi ya leo sina neno. Kinachoniudhi ni kwamba nakala nyingi za hiki kitabu cha Taylor na Skinner ziliuzwa nyeusi na nyeupe, ni kitabu cha kubeba safarini, cha kazi, na ukikiona hivyohivyo bila rangi ndio utajua mchongaji alikuwa fundi, ile mistari inatosha kabisa. Halafu mtu anakipasua kitabu, anatoa shiti za pwani tu kwa sababu ndizo zinauzika, anazipaka bluu kwa sababu mimi na wenzangu tukiona bluu tunafungua pochi. Shiti za bara katikati, zenye matope na mabwawa ya mboji, hakuna anayezitaka. Na mimi nimechangia biashara hiyo, karatasi niliyonayo ukutani ni ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha mtu, siwezi kujifanya msafi.

Basi hasira zilivyopoa nikaamua kwenda kumtafuta bwana Esq. kwa miguu.

Nikachukua picha ya ramani kwenye simu, nikafuata barabara ile ya zamani kutoka Dublin mpaka Bray, siku mbili kwa awamu kwa sababu miguu sio ya Taylor wala ya Skinner. Leo ni kilomita kama 20. Ukichukua ramani ile inakupa namba ndogo sana za maili na ukidhani ni maili ya Kiingereza utafika umechelewa na njaa inauma, maana walipima kwa maili ya Kiayalandi, ambayo ni yadi 2,240, wakati ya Kiingereza ni yadi 1,760. Maili 11 za Kiayalandi ni maili 14 za Kiingereza, hesabu inakaa vizuri hivyo kwa sababu fimbo ya kupimia ya Ayalandi ilikuwa yadi 7 na ya Uingereza yadi 5 na nusu. Kwa hiyo kilomita 20 zangu ni kama maili 10 tu za bwana Esq. Sheria ya vipimo ya 1824 ndiyo iliyoiondoa rasmi maili ya Kiayalandi, watu wakaendelea kuitumia miaka na miaka kama ilivyo kawaida ya watu. Siku hizi Jamhuri ya Ayalandi ni kilomita, vibao vya spidi vilibadilishwa Januari 2005, ukivuka mpaka kuingia Ayalandi ya Kaskazini unarudi kwenye maili. Kisiwa kimoja.

Maeneo ya Shankill ndipo nilipopata kitu. Kwa hesabu yangu nyumba iliyozama ilitakiwa iwe upande wa kulia wa barabara, kabla ya Bray. Kuna ukuta wa mawe mrefu, wa zamani, umeota majani, halafu unakatika ghafla na kuanza nyumba mpya zinazofanana zote, na kwenye jiwe la kuingilia jina la mtaa ni jina lilelile la nyumba iliyoko kwenye ramani yangu. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Kulikuwa na bibi mmoja anatembeza mbwa, akaniuliza kama nimepotea. Nikamuuliza kwa heshima, samahani mama, bahari iko wapi? Akanitazama kama mtu anayepima kama ni mlevi, akanyoosha mkono kuvuka barabara, upande wa pili kabisa, akasema kilomita mbili hivi, na pale tuliposimama haiwezi kufika hata siku ya kiama. Nikamwonyesha ramani kwenye simu. Akavaa miwani. Akasema, mbona wametupaka bluu?

Baada ya Bray barabara inafanya kile nilichosema mwanzo, inaikimbia bahari. Kuna kile kichwa cha mlima, Bray Head, mita 241, kimeingia majini moja kwa moja, barabara ya zamani haikuthubutu, ikapita nyuma yake kupanda na kushuka. Aliyethubutu ni reli, miaka ya 1850, mhandisi wake akiwa Brunel, walilitoboa jabali na kuipitisha juu ya mawimbi, na imewatesa kwa mawe kuporomoka na bahari kula kingo kiasi kwamba ilibidi isogezwe ndani mara kadhaa. Ukipanda treni kutoka Bray kwenda Greystones unaona bahari ambayo abiria wa farasi wa 1778 hakuiona kabisa, kwenye kitabu chake hapo kulikuwa na ukingo wa riboni.

Kaskazini huko Antrim ni kali zaidi. Ile barabara ya pwani inayopigwa picha na kila mtu, kutoka Larne kwenda juu mpaka Ballycastle, bahari iko chini ya tairi la kulia, haikuwepo kabisa wakati wa Taylor na Skinner. Njia ilikuwa inapanda milima na kushuka mabonde, miteremko ya kuua farasi. Ilijengwa 1832 mpaka 1842, na William Bald, Mskoti mwingine ambaye naye alikuwa mchora ramani kwanza, ndiye aliyeichora kaunti ya Mayo. Wazo lake lilikuwa rahisi na la kichaa: badala ya kukata njia katikati ya jabali, lipua jabali lenyewe lianguke ufuoni, halafu jenga barabara juu ya kifusi. Nilikwenda Machi, mvua ya ubavu, jabali jeupe la chokaa chini na jeusi la volkano juu, na kuna sehemu udongo bado unateleza mpaka leo unafunga barabara. Kwa hiyo mtu akikuuzia ramani ya barabara ya pwani ya Antrim ya 1778 na bluu imekumbatia barabara njia nzima, mwambie asante, ondoka.

Majina nayo yanasaidia kukamata waongo. Dún Laoghaire, bandari ya jirani na kwetu, zamani Waingereza waliandika Dunleary, 1821 mfalme George wa nne alipopita wakaiita Kingstown, 1920 ikarudi jina lake. Ramani ikiwa na Kingstown halafu unaambiwa ni ya 1790, unajua la kufanya. Ikiwa na reli ya kwenda Kingstown ni baada ya 1834. Cobh kule Cork ilikuwa Queenstown kuanzia 1849. Clifden ukiikuta kwenye ramani ya 1778 pia kimbia, mji huo ulianzishwa miaka ya 1810 na kitu.

Ramani bado iko ukutani. Niliirudisha kwenye fremu, nyuma yake nikaandika kwa penseli laini, kama yule mama alivyonielekeza, kwamba rangi ni ya baada ya 1950, ili atakayeipata siku nyingine asilipe yuro 90 za bahari. Wageni wakija mdogo wangu anawasogeza karibu, anawaonyesha kidole, "huyu hapa, marehemu Esq." Ameshabandika na boti ndogo ya karatasi juu ya kioo, ya kumwokoa, anasema.

Jumamosi hii kuna mnada mwingine, nimeona kwenye orodha kuna shiti ya upande wa Carlingford, nyeusi na nyeupe, haijapakwa kitu. Nimemwambia mdogo wangu nitakwenda peke yangu. Jana limekuja bahasha lake kwa posta, amefungua mbele yangu bila aibu: tochi ya mwanga wa zambarau, ameagiza mtandaoni, yuro 12 na betri juu.